Nani Atamwambia Mtoto

Barua ya Msalaba Mwekundu haina bahasha. Ni karatasi moja yenye nafasi za kujazwa: juu, jina la anayeandika na la anayeandikiwa, majina ya wazazi, kijiji au kambi, kisha mistari ya maneno machache, na mahali pa kujibia. Yeyote anayeibeba anaweza kuisoma, na kwa sababu hiyo sharti lake halibadiliki: habari za familia tu, siasa na vita visitajwe. Kuanzia mwaka 1996, karatasi hizi zilivuka Ziwa Tanganyika kwenda na kurudi, kati ya pwani ya Kivu Kusini na kambi za wakimbizi za Kigoma. Nyingi zilibeba salamu. Nyingine zilibeba kifo, na miongoni mwa waliongojea habari hizo walikuwamo watoto ambao hawakuwa na mzazi yeyote kambini.

Vita vya Fizi, kwenye pwani hiyo ya Kongo, vimeandikwa sana kwa upande wa wanaume wenye bunduki. Wasomaji wengi wanajua kwamba Che Guevara alifika Kibamba, ufukoni mwa ziwa, Aprili 1965 na kuondoka Novemba mwaka uleule bila ushindi. Wanajua pia kwamba Laurent-Désiré Kabila aliweka ngome ya chama chake cha PRP katika milima hiyo tangu 1967. Mimi nataka kufuata jambo jingine. Habari ya kifo ilimfikiaje mtoto wa Fizi? Ilitoka mdomoni mwa nani, na ilipofika, nani alikuwa ameketi karibu naye? Njia ya habari imebadilika mara nyingi katika miaka hii thelathini, na kila ilipobadilika, mtoto alipata kitu na kupoteza kingine.

Mji wa Fizi uko mlimani. Baraka iko chini, kwenye ghuba ambayo ramani ziliipa jina la Burton, na mbele yake rasi ya Ubwari imejinyoosha majini. Wabembe ndio wengi. Wapo Wabuyu, wapo Banyamulenge wa nyanda za juu na ng'ombe wao, wapo wavuvi na wachuuzi kutoka kila pembe ya ziwa, Wakristo na Waislamu. Pamoja na tofauti zao zote, kilio kilikuwa kilio. Mtu alipofariki, sauti za akina mama ziliwafikia majirani kabla ya mjumbe yeyote. Watu wakaja na mikeka, kuni, unga wa muhogo na ndakala. Moto ukawashwa uani na watu wakalala hapo usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, hadi wakubwa wa ukoo waseme imetosha. Watoto hawakuondolewa. Walitumwa maji, wakala bugali katika sahani moja na wageni, wakalala kati ya shangazi na nyanya yao, wakaona mwili ukitolewa nyumbani. Hakuna aliyeketi na mtoto wa miaka sita akamwambia kwa maneno kwamba baba amekufa na hatarudi. Alijua kwa sababu alikuwapo.

Nisiisifu mno desturi hiyo. Watoto waligawanywa kwa baba wakubwa na wajomba bila kuulizwa, na mara nyingine ndugu wa tumbo moja walitenganishwa siku ileile kilio kilipomalizwa. Mali iliondoka na wakubwa. Mvulana aliyelia baada ya watu kutawanyika aliambiwa kwamba mwanaume halii. Na wale wadogo kabisa walidanganywa: baba amesafiri, ataleta zawadi. Uongo huu unasemwa Afrika Mashariki nzima, kwa huruma, na watu wasio na ubaya. Lakini mtoto aliyeambiwa hivyo katika kijiji chenye kaburi linaloonekana, alikuwa na mahali pa kuusahihisha. Siku moja angepelekwa kupalilia hapo, angeuliza ni nani amelala, na jibu lingekuja.

Mwaka 1996 uliondoa kaburi.

Mwezi Septemba mwaka huo raia wa Banyamulenge waliuawa Lueba, Mboko na kandokando ya Baraka, wakiwamo watoto wengi. Oktoba, jeshi la waasi wa AFDL pamoja na wanajeshi wa Rwanda liliichukua Uvira, na sasa zamu ya kukimbia ikawa ya vijiji vya pwani. Watu walivuka ziwa usiku kwa mitumbwi na maboti kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa Novemba 1996. Lugufu ikafuata mwaka 1997. Vita vya pili vya Kongo vilipoanza Agosti 1998, wengine wakafuata njia ileile. Kisha kukaja Makobola. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, wapiganaji wa RCD pamoja na majeshi ya Rwanda na Burundi waliua watu zaidi ya 800 katika Makobola na vijiji vya jirani vya Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Ndivyo inavyosema ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, ripoti ileile iliyoandika mauaji ya Lueba na Mboko. Ninayataja yote pamoja kwa makusudi, kwa kuwa yatima wa Lueba na yatima wa Makobola walilelewa kila mmoja akiambiwa habari ya wafu wake peke yake, na hilo nalo lina sehemu katika vita vilivyofuata.

Makobola haikuwa na kilio. Waliobaki walizika haraka, wengi katika shimo moja, na waliokimbia hawakuona. Mtoto aliyefika Lugufu na jirani, au na dada wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameacha nyuma baba ambaye labda alikufa, labda alikimbilia Kalemie, labda alikuwa msituni na wapiganaji wa Mai-Mai. Hapo ule uongo wa zamani ukapata nguvu mpya. Baba amesafiri: na kambi ilikuwa imejaa watoto ambao baba zao kweli walikuwa wamesafiri. Wapo waliotokea baada ya mwaka mzima, na kila mmoja aliyetokea aliwapa wengine sababu ya kungoja zaidi. Mtafiti wa Marekani Pauline Boss alianza kuchunguza jambo hili miaka ya 1970 katika familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, akaona kwamba msiba usio na uhakika ndio unaochelewa kupona kuliko yote, kwani mtu akiomboleza anajiona msaliti, na akingoja anadhoofika. Watu wazima wa Lugufu waliujua ukweli huo kwa miili yao. Hawakumficha mtoto kwa sababu ya desturi peke yake. Wao wenyewe hawakujua.

Kuna kundi jingine la wafiwa ambalo halikutajwa kabisa. Shirika la IRC lilikadiria kwamba kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007 vita na matokeo yake vilisababisha vifo milioni 5.4 nchini Kongo. Wataalamu wengine wameipinga hesabu hiyo, lakini jambo moja linakubalika: wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na njaa, na karibu nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Maana yake ni kwamba kando ya kila kaburi dogo palikuwa na kaka au dada aliyekuwa akimbeba marehemu mgongoni wiki moja kabla. Watu walimpa pole mama. Yule dada wa miaka tisa, ambaye ndiye aliyemlisha mtoto na kumwogesha mama akiwa shambani, alirudishwa kuchota maji.

Katika mazingira hayo ndipo zilipokuja njia mpya za kutafutana, na inafaa tusimame hapa kidogo.

Ya kwanza ilikuwa picha. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, makumi ya maelfu ya watoto walikuwa wametengana na wazazi wao katika eneo lote la Maziwa Makuu, na wengine walikuwa wadogo mno hata kutaja jina la mama. Msalaba Mwekundu, UNICEF na mashirika mengine wakawapiga picha, kila mtoto na namba yake kifuani. Picha zikapangwa katika albamu na mbao, zikapitishwa kambini. Mama alisimama mbele ya kurasa za nyuso za watoto, akifunua moja baada ya nyingine. Aliyempata wake aliondoka na namba. Wa pembeni yake alifunga albamu akiwa na jibu jingine, ingawa hakuna aliyelitamka.

Ya pili ilikuwa redio. Mwaka 1994 BBC ilianzisha Gahuzamiryango, matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yenye jina linalomaanisha kuunganisha familia, na humo yalisomwa majina ya waliopotea na wanaowatafuta. Februari 2002 Radio Okapi ilianza kusikika Kongo, na Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Redio ilikuwa na nguvu ambayo karatasi haikuwa nayo, kwa kuwa ilifika mahali ambapo barabara haifiki. Lakini ilisema na watu wote kwa pamoja. Jina likitajwa, ua mzima ulisikia kwa dakika ileile, mtoto naye akiwamo, na hakuna aliyepata nafasi ya kumshika mkono kwanza.

Ya tatu ni ile karatasi isiyo na bahasha. Kwa barua yenye habari ya kifo, Msalaba Mwekundu hufuata kanuni rahisi: haiachwi mlangoni, haibandikwi ubaoni, haipewi mtu mwingine apeleke. Mjitolea huenda mwenyewe, huhakikisha kwamba anayeipokea hayuko peke yake, huketi. Kama ni mtoto, hutafutwa kwanza mtu mzima anayemlea. Katika yote yaliyoletwa na mashirika ya kigeni miaka ile, mahema, mafuta ya kupikia, vitabu vya shule, mimi naiweka kanuni hii juu kabisa. Haikugharimu kitu, na iliheshimu jambo ambalo kilio cha Fizi kilikuwa kikilifanya bila kuliandika: kwamba habari ya kifo haipaswi kufika peke yake.

Jambo hilohilo lilikuwa limefikiwa London kwa njia nyingine. Daktari John Bowlby, aliyetumia maisha yake kuchunguza watoto waliotengwa na wazazi, alitoa mwaka 1980 kitabu chake juu ya kufiwa. Aliwapinga waliodai kwamba mtoto mdogo hawezi kuomboleza. Anaweza, alisema Bowlby, mradi mambo matatu yawepo: uhusiano mwema na wazazi kabla ya kifo, ukweli, aambiwe upesi, aruhusiwe kuuliza na kushiriki maombolezo na mazishi pamoja na familia, na mtu mzima anayemwamini ambaye ataendelea kuwa naye. Kabla yake, mwaka 1948, Maria Nagy alikuwa amechapisha mazungumzo yake na watoto wa Hungaria, akaonyesha kwamba wengi wa chini ya miaka mitano huona kifo kama safari au usingizi, hali ambayo mtu anaweza kurudi kutoka kwayo. Mtoto wa umri huo ukimwambia baba amesafiri, hujamfariji: umemthibitishia kosa lake.

Boston nako, Phyllis Silverman na William Worden waliwafuatilia watoto 125 waliofiwa na mzazi, kwa miaka miwili. Nadharia ya wakati ule ilitaka mfiwa amwache marehemu aende zake. Watoto walifanya kinyume. Walizungumza na mzazi aliyekufa, walimwota, walihifadhi shati lake au saa yake, na hawakuwa wagonjwa. Kwa watu wanaowapa watoto majina ya mababu waliokufa, na wanaomwita mjukuu "baba" kwa sababu amebeba jina la baba, ugunduzi huo si mgeni.

Sehemu ya Afrika Mashariki iliyochukua mambo haya kwa uzito haikuwa kambi za vita. Ilikuwa Kagera, kaskazini kidogo ya Kigoma, na sababu yake ilikuwa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Kufikia miaka ya 1990 zilikuwapo nyumba zinazoongozwa na watoto. Mwaka 1997, Nshamba, wilayani Muleba, ulianzishwa mradi wa Humuliza, ambao jina lake la Kihaya lina maana ya kuliwaza. Waanzilishi walikataa kuishia kwenye sare na madaftari. Waliwafundisha walimu wa shule za msingi namna ya kumtambua mtoto mwenye majonzi darasani, yule anayesinzia, anayepigana, aliyeacha kucheza, na namna ya kumsikiliza bila kumhubiria. Baadaye yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, chenye viongozi wa kuchaguliwa na akiba yake, wakitembeleana na kuteteana pale ndugu wanapotaka shamba. Yatima aliyewahi kukaa kikaoni na yatima wenzake huacha kudhani kwamba msiba ni aibu yake binafsi.

Uganda, wanawake wanaoishi na virusi waliokusanyika katika NACWOLA, chama kilichoanzishwa mwaka 1992, walieneza kitabu cha kumbukumbu. Mama aliandika kwa mkono wake akiwa hai: mimi nilizaliwa wapi, babu yako alikuwa nani, siku uliyozaliwa mvua ilinyesha au jua liliwaka, wewe ulipenda chakula gani, mimi nakupendea nini. Kazi kubwa ya kitabu hicho ilikuja kabla ya kifo. Ili kukiandika na mtoto pembeni, ilimbidi mama aseme kwamba anaumwa. Ukweli uliingia nyumbani kwa mlango huo, ukitamkwa na mtu mwenye haki zaidi ya wote ya kuutamka.

Wakimbizi wa Fizi hawakuwa na nafasi hiyo. Risasi haitoi muda wa kuandika kitabu.

Nyanda za juu nazo zilikuwa na yatima wao. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba, Burundi, upande wa pili tu wa mpaka wa Uvira, zaidi ya wakimbizi 150 wa Kikongo, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kwa risasi na moto; waasi wa FNL walikiri kuhusika. Miongoni mwa walionusurika alikuwamo Sandra Uwiringiyimana, msichana wa miaka kumi. Mdogo wake Deborah, wa miaka sita, aliuawa. Familia ilihamia Rochester, jimbo la New York, mwaka 2007. Uwiringiyimana ameeleza hadharani, na katika kitabu alichochapisha mwaka 2017, namna nyumba yao ilivyoishi kwa muda mrefu bila kulizungumzia jambo hilo, na namna huzuni yake ilivyomrudia kwa nguvu akiwa chuoni, miaka mingi baada ya watu kudhani amepona. Kilichofungua mlango kilikuwa kamera: yeye na kaka yake walifanya maonyesho ya picha za manusura wa Gatumba. Tena picha, kama kambini, ila safari hii mtoto alikuwa ameishika kamera mwenyewe.

Oktoba 2005, meli ya MV Mwongozo ilianza kuwaleta wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka kwa mpango wa UNHCR. Makumi ya maelfu walirudi katika miaka iliyofuata, na Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Watoto waliozaliwa kambini walishuka kwenye mchanga wa Baraka wakiwa na majina ya watu waliokufa katika vijiji ambavyo hawajawahi kuviona. Wengine walipelekwa hadi mahali pa makaburi ya pamoja. Kwa mtoto wa miaka kumi aliyezaliwa Nyarugusu, hiyo ndiyo siku ambayo babu yake alikufa. Wazazi waliotambua hivyo walilia upya pamoja naye. Waliodhani mambo yamepita walishangaa kwa nini mtoto hataki kula.

Katika miaka hiyohiyo minara ya simu ilianza kusimama pwani. Ndugu wawili wa Denmark, David na Christopher Mikkelsen, walianzisha REFUNITE, huduma ya kutafutana iliyofanya kazi hata kwenye simu ya batani, na ikatumika Kongo pia. Polepole mtu hakuhitaji tena kumtafuta mwingine. Alikuwa naye mfukoni. Ukoo wa Fizi leo umetawanyika Baraka, Uvira, Nyarugusu, Nairobi, Kampala na majimbo ya Marekani, na kila ukoo una kundi lake la WhatsApp. Kilio kikitokea, taarifa inazunguka dunia kabla ya jua kuzama, michango inatumwa kwa simu, mazishi yanarushwa moja kwa moja ili mjomba aliyeko ng'ambo ayaone. Sitaki kulidharau hilo hata kidogo. Mtoto wa Nyarugusu anayeona kwa macho yake nyanya yake akizikwa Baraka amerudishiwa kile ambacho kaka yake wa mwaka 1999 alinyimwa. Ameona kaburi. Hangoji.

Lakini tazama simu hiyo iko mikononi mwa nani. Nyanya hasomi. Mama yuko sokoni. Anayejua kufungua ujumbe, kuweka vocha na kusoma kwa sauti ni mtoto aliyeko darasa la tano, na mara nyingi simu ni moja kwa nyumba nzima. Basi habari ya kifo, ambayo zamani ilipita kwa wakubwa kwanza, sasa inapitia kidole cha mtoto. Yeye ndiye anayeisoma wa kwanza, na yeye ndiye anayelazimika kuamua amwambieje nyanya. Mjitolea wa Msalaba Mwekundu alifundishwa kazi hiyo. Mtoto huyu hajafundishwa na yeyote.

Na si maneno tu yanayofika. Desemba 2014 meli ya Mutambala ilizama ziwani, na watu zaidi ya 100 wakafa. Tangu simu zenye kamera zilipoenea, ajali za namna hiyo na mapigano ya Fizi, Minembwe na Uvira huja na picha: miili ufukoni, miili barabarani, bila kufunikwa. Watu huzituma kwa nia ya kushuhudia, au ili ndugu wamtambue mtu wao. Albamu za mwaka 1995 nazo zilikuwa za kutambua, lakini zilibeba nyuso za walio hai, na alisimama mtu pembeni. Picha ya maiti ikikaa kwenye simu, mtoto huifungua tena na tena akiwa peke yake. Katika kilio alichohudhuria, mwili ulioshwa, ukavishwa, ukawekwa vizuri, na hiyo ndiyo sura ya mwisho aliyobaki nayo. Huyu anabaki na sura ya barabarani. Kama ukoo ungeweka kanuni moja tu katika kundi lao, ningependa iwe hii: picha ya marehemu asiyeoshwa isitumwe, na jina lisitajwe kundini mpaka anayelea watoto wa marehemu athibitishe kwamba wameambiwa.

Simu hiyohiyo inabeba hazina. Baba aliyekufa ameacha ujumbe wa sauti, sekunde arobaini akiuliza kama watoto wamekula, na binti yake anausikiliza kila usiku. Wakubwa huogopa wakiona hivyo, wakadhani anajiumiza, wengine huufuta. Watoto wa Boston walihifadhi mashati ya baba zao. Huyu amehifadhi sauti, na ni sawa. Hatari iko kwingine: simu inaibwa, inaanguka ziwani, laini inafungwa kwa kutotumika, na msiba unaanza upya. Kuihamisha sauti kwenye kadi, kuchapisha picha mbili tatu studio na kuziweka katika daftari pamoja na maneno ya shangazi kuhusu marehemu, ni kazi ya saa moja. Ni kitabu cha kumbukumbu cha Uganda, kimeandikwa baada ya kifo kwa kuwa kabla haikuwezekana.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mvua kubwa na upepo vilipiga Kasaba, kijiji cha ufukoni katika teritwari ya Fizi. Mto Kasaba ulifurika, ukashuka na mawe, miti na matope, ukabeba nyumba watu wakiwa wamelala. Viongozi walihesabu wafu zaidi ya 100, wengi wao watoto na wazee. Kasaba hufikiwa kwa njia ya ziwa tu, na haikuwa na mtandao wa simu. Ndani ya siku mbili idadi ya wafu ilikuwa imeshasomwa katika redio za dunia, na jamaa walioko Marekani waliiona kwenye simu zao. Ilikuwa idadi bila majina. Aliyetaka kujua kama mtu wake yumo katika hesabu ilimpasa kungoja chombo kitoke Kasaba, au apande yeye mwenyewe, sawasawa na mtu wa mwaka 1997.

Kwa watoto waliobaki Kasaba hapakuwa na habari ya kupokea. Waliyaona maji. Wengi walipoteza wadogo zao, na hao, kama nilivyosema, ndio wafiwa wasiohesabiwa. Wiki kama ile, katika kijiji chochote, hakuna mwenye muda wa kumweleza mtoto: wakubwa wanachimba, wanazika, wanatafuta maji ya kunywa kabla kipindupindu hakijaingia. Mtaalamu wa Bukavu hawezi kupigiwa simu kutoka mahali pasipo na simu, na Bukavu yenyewe, mji mkuu wa Kivu Kusini, iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Kazi ya kusema, na ya kukaa na mtoto baada ya kusema, imebaki kwa watu waliopo Kasaba: shangazi, mchungaji, imamu, mkubwa wa kijiji, na zaidi yao mwalimu, ambaye atakutana na watoto hao kila asubuhi kwa miaka. Mafunzo ya Nshamba yalitolewa kwa walimu wa aina hiyo hasa, katika wilaya ya vijiji kama Fizi, na hayakuhitaji mtandao.